Kufungua Bal

Papa Lambert alipompigia simu mume wangu kumwomba awafungulie bal, Mureithi alikata simu, akavaa miwani, akaketi kuandika hotuba. Hakuuliza swali hata moja. Kwetu Kenya mtu akiambiwa afungue kitu, uwe mkutano, kisima au choo cha shule, anajua kazi yake ni kusema maneno mengi huku watu wamekaa.

Bal ni ile dansi kubwa ambayo Wakongo wa kanisani kwetu huandaa kila Desemba kule Midrand, huku kusini mwa Afrika tunakoishi, wanaume kwa tai za kipepeo, wanawake kwa magauni yanayofagia sakafu. Mwaka ule wa 2017 Papa Lambert na wenzake walitaka kumheshimu Mureithi kwa sababu huwafundisha watoto wao hesabu kila Jumamosi. Simu ilikuwa kwenye spika, nami nilisikia.

"Juu ya ile kazi unafanyaka na batoto betu," Papa Lambert alisema. "Weye na mama, mutufungulie bal."

Hayo maneno "na mama" mume wangu hakuyasikia. Yeye ni mkaguzi wa mahesabu, na masikio yake hukagua kwanza kabla ya kupokea.

Mimi mwenyewe nilikuja kujua maana yake wiki iliyofuata, saluni kule Jeppestown, kichwa changu kikiwa mikononi mwa Célestine, msusi wangu kutoka Lubumbashi, naye wa kanisa hilohilo. Nilimweleza kwamba hotuba imefika ukurasa wa tatu. Akaacha kusuka.

"Discours gani, mama? Kufungua bal ni kucheza! Weye na bwana yako, peke yenu, katikati ya salle. Batu bote banasimama, banabaangalia. Mukimaliza, ndiyo bote banaingia."

"Eish," nikasema. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, kisha nikagundua kwamba si yote yalikuwa ya kicheko.

Lazima mjue nimeolewa na mtu wa namna gani. Siku ya harusi yetu shangazi zangu walitupokea getini wakicheza, na bwana harusi akapita katikati yao kama mtu anayekagua gwaride. Tangu hapo, kila sherehe, sisi tunakaa pembeni. Akiulizwa anasema mgongo. Mgongo huohuo hupandisha mtungi wa gesi hadi ghorofa ya tatu bila lalamiko lolote. Nami kule Nyamira nilikuwa mchezaji ambaye watu waliacha chakula kipoe wanitazame. Nilichotaka kwa mume wangu ni wimbo mmoja tu, mbele za watu, mkono wake ukiwa kiunoni mwangu. Miaka ya kwanza nilimwomba. Baadaye niliacha, maana kuomba kitu kama hicho kunachosha, tena kunatia aibu.

Basi nikamwambia Célestine anyamaze. Mimi pia nikanyamaza.

Kunyamaza si kazi rahisi ukiishi na mhutubiaji. Alifanya mazoezi bafuni, alifanya mazoezi akipiga pasi, na kila aliponikamata nimsikilize, tulipofika ukurasa wa pili nilikumbuka maharagwe jikoni. Hotuba ilianza na historia ya elimu barani Afrika. Mwisho wake sikuwahi kuufikia.

Jioni ya bal alivaa suti nyeusi, akasimama mbele ya kioo, na hapo roho ikaniuma.

"Mama Wanja," akasema, akirekebisha tai, "miaka hii yote kazini, hakuna mtu amewahi kuniita niongee."

Nikajiona mchawi. Tulipokaribia ukumbi robot, kama wanavyoita huku taa ya barabarani, ikawa nyekundu, gari likasimama, nikajikaza.

"Baba Wanja, hiyo hotuba..."

"Ngoja kwanza, niko kwa ukurasa wa tatu," akanijibu, midomo ikitembea. Taa ikawa kijani, na ujasiri wangu ukabaki pale nyuma.

Ukumbi ulinukia marashi na kuku wa kuchoma. Papa Lambert, koti jeupe na glavu nyeupe, alitutaja majina, na watu wote wakasimama wakipiga makofi, wakarudi nyuma hadi kutani. Tukabaki wawili katikati ya sakafu tupu. Mureithi akatoa karatasi zake. Bendi ikaanza rumba ya polepole.

"Mic iko wapi?" akaninong'oneza.

"Hakuna mic. Kufungua ni kucheza."

Akanitazama. Alinitazama hivyohivyo siku niliyogonga gari lake nikasema ni mvua.

"Ulijua."

"Nilijua."

Nilingoja aniache pale, na angekuwa na haki. Niliogopa kweli. Nikaanza kutafuta kwa macho njia fupi ya kwenda mlangoni. Lakini yeye alizikunja karatasi taratibu, akazitia mfukoni, akaweka mkono kiunoni mwangu kama mtu anayejaribu sufuria ya moto.

"Basi utaisikiliza yote," akasema.

Akaanza, sikioni mwangu, bila karatasi. "Mheshimiwa mwenyekiti," mguu wa kulia. "Wageni waalikwa," mguu wa kushoto. Mume wangu hawezi kuufuata muziki, lakini hotuba yake aliijua, basi akawa anatembea juu ya maneno. Tukawazunguka wamisionari, tukaupita uhuru, tukageukia shule za msingi. Watu walipiga vigelegele wakidhani ananibembeleza. Célestine alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha meza.

Tukaingia ukurasa wa nne, nisioujua.

"Na mwisho," akasema, na sauti yake ikashuka, "namshukuru mke wangu. Miaka yote hii amekaa na mimi pembeni wengine wakicheza, akisema hana neno. Lakini miguu yake ilikuwa inacheza chini ya meza. Nilikuwa naiona."

Hapo ndipo mimi, mchezaji wa Nyamira, nilipomkanyaga.