Ndoo ya Manowari Shupavu

Usiku wa jana niliota manowari ya Kiingereza imetia nanga jikoni kwetu Kisauni, kati ya jiko la gesi na mtungi wa maji, na inataka nisimame kwa heshima. Sikusimama. Nilikuwa juu ya mbuzi, nakuna nazi.

"Mimi ni Shupavu," meli ikasema. "Nimepigana Vita vya Mjerumani tangu mwanzo hadi mwisho. Niulize nimezamisha nini."

"Umezamisha nini?"

"Nyangumi mmoja. Alikuwa na sura ya Kijerumani."

Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa na mabomba matatu ya moshi ya kuvumia. Ikanisimulia ilivyomgonga mwenzake kwenye ukungu, meli ya Kiingereza vilevile, ikapewa nishani kwa sababu ilimgonga katikati kabisa. Nikaendelea kukuna nazi.

Mara niko juu ya sitaha. Baridi kali, na bahari ina rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Nahodha anakunywa chai, na mbele yake mzinga unalipua vikombe vilivyopangwa kwenye ubao, kimoja kimoja.

"Mbona mnavunja vikombe?"

"Hii ni meli ya kuharibu," nahodha anasema. "Sheria inataka iharibu kitu kila siku, kabla chai haijaisha. Na adui hatujamwona tangu mfungo wa mwaka jana."

Miguuni pake amelala mbwa mweupe mwenye kofia ya cheo. Nahodha ananijulisha kwake: "Huyu ni Luteni Barnabasi Augusto Fitzwiliamu wa Pili." Analitamka lote bila kujikwaa.

Nateremka ngazi hadi kwenye tanuri. Hakuna mtu. Kuna ndoo, koleo na fagio tu, vinafanya kazi vyenyewe, na vinatokwa na jasho.

Ndoo naijua. Ina kishimo ubavuni, na kila siku huning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni kwetu. Nyanya yangu, Mwanasiti binti Feruzi, hataki mtu aiguse kwa mguu. "Hiyo ni ndoo ya baba yangu," husema, maana baba yake alikuwa mtia makaa katika meli za Waingereza. Mimi siku zote nilidhani maana yake ni kwamba alikuwa akiitumia.

"Shikamoo, babu," naiambia.

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Mwanasiti."

Ndoo inaacha kazi. "Ashakula?"

Inaniambia habari yake bila malalamiko. Siku walipoandikwa kazi, nahodha alisema majina yao yanamchosha ulimi, akampa kila mmoja jina la kitu alichoshika. Katika meli hii amri ni amri. Kufika magharibi, Feruzi alikuwa ameshaota utambo wa ndoo. Koleo ni Majaliwa, wa Rabai. Fagio ni Sadala.

"Vita vinakwisha leo," ndoo inasema. "Meli itauzwa chuma chakavu, iyeyushwe pamoja na kila kilichomo. Nahodha ndiye aliyenitia jina hili, na hakuna mwingine awezaye kuniita nikatoka, ila mwenzangu aliyetangulia kutoka. Nataka kwenda nyumbani. Nina mtoto."

Napanda juu, moja kwa moja hadi kwa nahodha. "Sema Feruzi."

"Ulimi wangu umetengwa kwa ajili ya vita," anasema.

Nilikasirika mpaka nikasikia masikio yanawaka moto. Mtu anayemaliza Barnabasi Augusto Fitzwiliamu wa Pili kwa pumzi moja, kwa ajili ya mbwa anayekojolea dira, anashindwa na silabi tatu! Nikamwambia hana haya. Akanishukuru.

"Vikombe vimekwisha, bwana," mzinga unasema.

Nahodha anageuka rangi. Katika kikombe chake mwenyewe imebaki funda moja. "Tuharibu kitu! Haraka! Chochote!"

"Haribu jina la Ndoo," nasema. "Tangu ulitoe halijaharibiwa hata kidogo."

Anaona nina akili kuliko alivyotarajia. Wanalipakia jina ndani ya mzinga, linaingia bila taabu, linafyatuliwa, linaangukia mbali baharini. Nahodha anamalizia chai yake kwa furaha.

Kisha meli inakohoa. "Makaa," inasema.

Nahodha anainama kwenye tundu la ngazi. "Wewe!" Kimya. "Wewe wa makaa!" Kimya. Anafungua kinywa alitaje lile jina, halimo. Liko chini ya bahari. Meli inaanza kwenda mrama.

"Anaitwaje?" ananiuliza.

"Nimekwisha kukwambia."

"Feruzi!" akaita. Akalisema sawasawa, kama mzaliwa wa Kisauni. Kumbe ulimi ulikuwa mzima siku zote.

Akapanda mtu mfupi, kifua wazi, mweusi kwa makaa, anajipapasa mikono yake miwili. Alipofika juu hakumtazama nahodha. Aligeuka, akaita chini: "Majaliwa! Sadala!" Wakaja wote wawili.

"Sasa nani ataleta makaa?" nahodha akauliza.

"Mwite Luteni," Feruzi akasema. "Yeye ana cheo."

Moto ukazimika. Tukawa jikoni tena, na meli ilikuwa imenywea juu ya jiko, ndogo kuliko kopo la maziwa, bado inaniuliza kama nimesikia habari ya nyangumi. Wale watu wakaipita. Majaliwa na Sadala wakashika njia ya mlango wa nje.

"Tangulieni," Feruzi akawaambia. "Mimi naingia ndani kidogo."

Nikaamka. Kulikuwa kumeshapambazuka. Nikaenda jikoni, nikakuta msumari mtupu. Nikaingia chumbani kwa Nyanya kwa woga, maana ile ndoo anaipenda kuliko sisi. Alikuwa ameketi kitandani.

"Nyanya, ndoo haipo."

"Najua," akasema. "Nishamwambia nimekula."

Juu ya kitambaa chake cheupe cha kichwani palikuwa na alama ya kiganja, nyeusi ya makaa. Sisi hupikia gesi.