Magodoro ya Bakhdida

Yalda alichoka mpaka kope. Wiki nzima alikuwa akipiga plasta nyumba ya Bi Shmuni, iliyochomwa na wanamgambo waliowafukuza Wakristo wote wa Bakhdida, mji wa kaskazini mwa Iraq. Leo mwenyewe anakuja kuiona, na alishasema kwamba mtaa ukiwa mtupu harudi, anamfuata mwanawe Australia.

Basi Yalda akapanda mapaa ya majirani, ambao bado hawajarudi, akatandika magodoro ili mtaa uonekane una watu, maana huko mapaa ni bapa na wakati wa joto watu hulala juu yake.

Bibi alifika saa sita mchana, akapanda kwenye paa lake, akatazama huku na huku.

"Kumbe mtaa umejaa!"

"Umejaa, bibi."

"Na wote hawajakunja matandiko, jua lote hili? We Yalda, mama yako hukumwona akikunja alfajiri?"

Yalda akajibwaga juu ya mfuko wa saruji. Hata nguvu ya kudanganya ilimwishia.

"Hakuna mtu, bibi. Mtaa mzima ni mimi."

Bibi akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mpumbavu wee! Kayakunje yasiungue. Lililo nene niletee hapa. Leo nalala kwangu."

"Niyakunje yote, bibi?"

"Si ulitandika yote?"