Kidole cha Mama Ndahani

Usiku wa jana niliota nimechelewa kwenye kikao cha baraza la madiwani, na kwa kuwa hata nikiwa macho huwa nachelewa, sikushangaa. Kilichonishangaza kidogo ni kwamba mkono mmoja nilishika kidumu cha maji na mwingine ukuni, vilevile nilivyokuwa nikienda shule ya msingi kule Chihembe. Mlinzi wa mlangoni akaukagua ule ukuni.

"Mbichi huu," akasema. "Utatoa moshi tu. Haya, pita."

Nieleze kwanza kikao chenyewe, maana hicho si cha ndotoni. Ni cha leo, saa tatu asubuhi. Mimi na wenzangu sita tuna kikundi tunakiita Chungu Kimoja. Hakuna kati yetu aliyefika miaka thelathini, na kwa miaka miwili tumezunguka kata zote za wilaya yetu tukidai sheria ndogo moja tu: kila shule ya msingi ipike, kila siku ya masomo, asiwepo mtoto wa kusinzia darasani kwa njaa. Tumeandika barua, tumeshinda kwenye korido za ofisi, tumeimba mpaka sauti zikakauka. Wiki mbili zilizopita diwani mmoja akatuambia kirafiki kabisa kwamba rasimu yetu haitapita bila kifungu cha kuwabana wazazi wavivu. Tukakiongeza. Aliyekiandika ni mimi, kwa mkono wangu. Kifungu cha Saba: mtoto ambaye mzazi wake hajachangia debe la mtama hatagawiwa chakula.

Cha Nane nacho ni changu, na hicho nilikiandika kwa raha zangu: kikombe kitajazwa hadi ukingoni, na mpishi atakayepunja ataachishwa kazi. Hapo nilikuwa namlenga Mama Ndahani, mpishi wetu wa Chihembe, Mungu amrehemu. Alikuwa akikishika kikombe chako kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kimezama ndani, na uji ulipogusa kidole alisimamisha upawa. Shule nzima tulijua Mama Ndahani anatupunja kidole. Nimeisimulia hadithi hiyo kwenye mikutano yetu yote, na watu hucheka sana.

Basi naingia ukumbini. Madiwani wamekaa sakafuni, wote, juu ya karatasi moja pana. Ni barua yetu.

"Mmeikalia," nikasema.

"Miezi minne," akajibu mwenyekiti bila kuona haya. "Imeshapata joto. Tukiinuka sasa hivi itapoa."

Lameck, katibu wetu, amechuchumaa pembeni anapuliza moto kwenye mafiga, suti yake ya kuazima imejaa majivu. Akanipokea ukuni bila salamu. Namfahamu Lameck, akiwa na hofu hasalimii mtu.

Mlango ukafunguka, akaingia bwana mmoja mrefu, mwembamba, mwenye mvi. Shati lake jeupe lilikuwa limeandikwa kifuani kwa mwandiko wangu mbaya. Akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Mimi nina miaka ishirini na minne. "Marahaba," nikasema, maana nilishamtambua. Alikuwa Kifungu cha Saba.

"Nimeripoti kazini," akasema. "Nianzie wapi?"

Kabla sijajibu, ukuta wa nyuma ukajiondokea zake, na nyuma yake palikuwa na uwanja wa shule ya Chihembe, saa nne asubuhi, saa ya uji.

Kila kitu kilikuwepo. Rimu ya lori tuliyoigonga kwa nondo badala ya kengele. Vumbi jekundu lililopanda mpaka kwenye kope. Vidumu vyetu vimepangwa ukutani, vingine vimezibwa kwa gunzi. Na harufu ya uji wa mtama ulioungua kidogo chini, umetiwa ubuyu kuficha kwamba sukari hakuna. Nimekaa mjini miaka sita, nimekunywa uji wa lishe wa pakiti, uji wa maziwa, uji wa hotelini kwenye bakuli la udongo, na ule sijaupata tena popote.

Nikajikuta kwenye mstari, nyuma kabisa, mahali pangu pa siku zote. Mkononi nina kikombe changu cha bati cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni.

"Umekua," kikombe kikasema.

"Kidogo."

"Uliniacha kwa bibi yako."

"Nilikwenda kusoma."

"Alinifanya cha kuwekea chumvi," kikasema, bila kinyongo. "Chumvi nayo ni kazi."

Mahali pale nyuma pana historia yake. Nikiwa darasa la pili, mwaka ambao mvua zilikata Januari na mtama ukakauka ukiwa wa magotini, Mama Ndahani aliniteua kuwa mwosha sufuria. Waosha sufuria tulisimama mwisho, tulikunywa mwisho, kisha tukaosha. Nilitamba mtaa mzima. Nilimweleza Bibi Mbeleje, mama wa mama yangu, aliyenilea, naye akasema vizuri mjukuu wangu, osha vizuri, kisha akageukia pembeni akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Mstari unasogea. Mbele kabisa Mama Ndahani anagawa, kanga kaifunga kiunoni, jasho linamtiririka. Ila kuna kitu hakiko sawa: mkono wake wa kushoto una vidole vinne. Kila kikombe kinajaa hadi ukingoni na uji unawamwagikia watoto miguuni. Kifungu cha Saba amesimama karibu yake na orodha.

"Mtoto wa Mzee Chilongani, debe lipo, pita. Mtoto wa Mama Yunge, debe lipo, pita."

Sufuria la kwanza likaisha. La pili likakohoa. "Jamani," likasema, "mimi nimefika chini."

Huku nyuma bado tupo wengi.

"Nyemo, mjukuu wa Mbeleje," Kifungu cha Saba akasoma. Akanitazama kwa heshima zote. "Debe halipo."

"Mimi ndiye niliyekuandika!"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana nikakuamkia. Tafadhali toka kwenye mstari."

"Bibi yangu si mvivu. Mvua haikunyesha."

Akajitazama kifuani, akajisoma mwanzo hadi mwisho, polepole, kidole kikifuata maneno. "Mvua sijaandikiwa," akasema. Nilimwona kabisa kwamba anasikitika.

Nikatoka. Nyuma ya jiko, juu ya lundo la kuni, kidole gumba kimekaa peke yake na kifurushi cha nguo, kinasubiri usafiri. Kilikuwa kinene, cheusi kwa masizi, na kovu la panga limekikata kimshazari. Lile kovu nililijua. Nililitazama kila siku ya masomo kwa miaka saba, likiwa limezama kwenye uji wangu.

"Mbukwenyi," nikakisalimu kwa Kigogo, kama anavyosalimiwa mtu mzima.

"Mbukwa. Nimeachishwa kazi." Kikanionyesha barua. "Kifungu cha Nane. Mwandiko mbovu, lakini nimeelewa."

Nikakaa kwenye kuni. "Ulikuwa unatupunja," nikasema, ingawa sauti haikutoka na nguvu yoyote.

"Nilikuwa napunja, sikatai. Watoto mia na sitini wenye debe, kila kikombe kidole kimoja. Unajua ule uji ulikwenda wapi?"

"Nyumbani kwa Mama Ndahani. Kila mtu anajua."

"Mlikuwa waosha sufuria wangapi?"

Nikawahesabu kwa majina. "Thelathini na mmoja. Mimi niliingia wa mwisho."

"Na masufuria?"

"Mawili."

Nimesoma hadi chuo. Nimeandika rasimu yenye vifungu ishirini. Wala sijawahi, hata siku moja, kujiuliza kwa nini masufuria mawili yalihitaji watoto thelathini na mmoja.

"Bibi yako alikuja jikoni alfajiri," kidole kikaendelea. "Alikuja na mlenda wa kukausha kwenye kitambaa, ndio huo tu aliokuwa nao. Akasema, mama, mtama sina, na mtoto hajala tangu juzi. Mama Ndahani akamwambia, mlete na kikombe chake. Nitamtafutia kazi, asije akajiona ombaomba."

Nililia. Nasema wazi, nililia kwa sauti mbele ya kidole. Nilimlilia bibi pale alipogeukia pembeni, na nilimlilia Mama Ndahani, ambaye nimemfanya kichekesho kwenye mikutano kumi na minane na yeye yuko kaburini, hawezi kuinuka kujitetea.

Nilipofuta macho, msichana mdogo alikuwa amesimama mbele yangu, peku, kikombe cha buluu mkononi. Sketi niliitambua. Bibi aliishona kwa sindano ya mkono kutoka kwenye gauni lake la kanisani.

"Dada," akasema, "wewe ndiye unayegawa?"

"Nani kakwambia?"

"Yule babu mwenye shati la maandishi. Anasema yeye ametumwa, tukuulize wewe."

Nyuma yake walisimama wengine thelathini. Hawakulalamika wala hawakusukumana. Walinitazama tu mikononi kuona kama nina kitu.

Nikakimbia kwa Lameck, nikauchomoa ukuni wangu motoni. Ulikuwa umeungua nusu, ncha imekuwa mkaa. Nikamwendea Kifungu cha Saba, nikauweka ule mkaa kifuani kwake.

"Mama, unanifuta?"

"Ndiyo."

"Bila mimi madiwani hawataipitisha. Walisema wenyewe. Watoto wote watakosa." Hakuwa anabishana, alikuwa ananikumbusha, na hilo lilinitia hofu kuliko ubishi.

"Najua," nikasema. "Nikishindwa leo nitarudi tena kuomba, nimeshazoea. Lakini ukipita wewe, hawa thelathini na mmoja watafukuzwa kwenye mstari kwa jina langu."

Akafikiri kidogo. Kisha akavua shati mwenyewe, akalikunja vizuri, akanikabidhi. Mbavu zake zote zilionekana. Akaokota kikombe chini, akaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari.

"Debe lako liko wapi?" yule msichana akamuuliza.

"Sina."

"Basi utaosha sufuria," akamwambia, kwa majivuno yale yale niliyokuwa nayo.

Kidole kikabeba kifurushi chake, kikarudi kazini.

Nikaamka. Saa kumi na mbili kasoro, kuku wa mwenye nyumba wanagombana dirishani. Chumba changu cha kupanga kilikuwa vilevile, na rasimu ya baraza ilikuwa mezani nilipoiacha. Jana usiku nilikula mkate na chai ya rangi. Ndani kwangu hamna unga wa aina yoyote, hata mende wanalijua hilo.

Lakini juu ya Kifungu cha Saba, katikati ya maandishi, palikuwa na alama moja ya kahawia iliyokauka, upana wa dole gumba, na mstari umeikata kimshazari. Nikatazama dole langu. Halina kovu. Nikaiinua karatasi, nikailamba ile alama. Mtama. Ubuyu. Sukari hakuna.

Nikampigia Lameck.

"Mbona mapema hivyo? Kwema?"

"Kwema. Cha Saba tunakitoa."

"Nyemo, dada yangu, tutaanguka. Diwani alishatuambia. Nitawaeleza nini wale?"

"Hutawaeleza wewe, nitasimama mimi. Nitawaambia nilikuwa wa thelathini na mmoja."

"Wa thelathini na mmoja kwenye nini?"

"Njoo na suti yako, utasikia huko huko."

Nikachukua kalamu, nikakikata cha Saba kwa mstari mmoja, nikiikwepa ile alama. Halafu nikashuka kwenye cha Nane, nikakikata nacho, na pembeni yake nikaandika upya, safari hii kwa mwandiko mzuri: kikombe kitajazwa, kubakiza kidole kimoja.