Hodi Kwenye Kompyuta Yangu

Usiku wa kuamkia arobaini ya mama niliota napiga hodi kwenye kompyuta yangu mwenyewe.

Si kwa kupenda. Mchana wake, kampuni ile inayotengeneza programu za karibu kila kompyuta mjini kwetu ilikuwa imeniwekea ulinzi wake mpya bila kuniuliza. Tangazo lilisema kuanzia sasa nitalala usingizi mnono. Mimi mtu anayeniletea kufuli, ufunguo akabaki nao, simwamini hata kwa kulogwa. Na ndani ya kompyuta hiyo ndimo ilimo sauti ya mama, rekodi pekee tuliyo nayo. Ndugu zangu walikuwa wanakuja kuisikia baada ya hitima.

Basi nagonga kioo, kinafunguka kama mlango. Askari amekaa kwenye stuli, kavaa sare ya kampuni, anakunywa uji kwa kikombe changu.

"Hodi," nasema.

"Wewe nani?"

"Mwenye nyumba."

"Haya, mwingine tena," anasema, wala haniangalii. "Wenye nyumba ndio hatari kubwa kuliko zote."

Kibodi inanitetea. "Huyu namfahamu, afande. Kila siku ananipiga kwa vidole vyote."

"Kumbe anapiga," anasema askari, na ananifunga kamba mkononi.

Mwanamume mmoja anapita katikati yetu, feni yangu begani. Anasema shikamoo kwa adabu. Askari anamfungulia geti.

"Yule si mwizi?" nauliza.

"Ni mwizi. Lakini kathibitishwa."

Kugeuka, tuko Muheza, jikoni kwa mama. Kila sufuria ina kufuli. Mama amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi, na kanga yake ni ileile ya siku zote. Nilitaka kulia, nikalia.

"Huyu bibi hatambuliki," anasema askari. "Sauti yake haina muhuri wa kampuni. Asubuhi itafutwa, kwa usalama wako."

"Usalama wangu dhidi ya nani?"

"Dhidi yake."

Mama anaweka kifuu chini. "Kijana, wewe mtoto wa nani?"

"Wa kampuni, mama."

"Sikukuuliza anayekulipa. Na humu ndani nani alikukaribisha?"

Askari ananitazama mimi. Mimi naitazama kibodi. Kibodi inatazama sakafu.

"Niliingia tu, mama."

"Bila hodi? Kwenye nyumba ya watu?"

Uso unamsawijika. Inaonekana hata yeye alilelewa. Anaweka kikombe, anavua kofia, anatoka nje ili aanze upya kama watu wenye adabu. Mama anamwacha avuke kizingiti, kisha anasukuma komeo.

"Hodi!" anaita askari huko nje.

Naanza kuitikia, mazoea yana tabu. Mama ananikata jicho.

"Thubutu! Mstaarabu akipiga hodi mara tatu asijibiwe, huondoka zake."

"Na huyu ni mstaarabu?"

"Ndiyo tutajua. Wewe nyamaza."

Nikaamka, kumekucha, mkono ukiniwasha pale nilipofungwa kamba. Nikajiambia ni mbu.

Baada ya hitima tulikusanyika sebuleni. Niliwasha kompyuta nikiomba Mungu, kwa kuwa sauti ile ikipotea, mama atakuwa amekufa mara mbili. Nikabonyeza.

"Mbaruku, zima hicho kidude, mboga inaungua!"

Alikuwepo, ananigombeza kama siku ile nilipomrekodi. Ndugu zangu wakacheka, kisha wakalia, nami nikalia nao.

Rekodi huishia hapo. Nimeisikiliza mara nyingi mno, siwezi kukosea. Safari hii iliendelea. Mafuta yalitatarika kikaangoni, na kwa mbali, nyuma ya mlango, mwanamume akasema, "Hodi."

Dada yangu Mwantumu akafumbua mdomo amkaribishe. Nikamziba kwa kiganja.

"Hodi," ikaja ya pili.

Tukakaa kimya sote, tukisubiri ya tatu.