Akiba ya Uzeeni

Kila Aprili, Duncan na mkewe Philister walitoka Richfield kwenda Frogtown kwa Zadock, Mkenya mwenzao, kujaziwa fomu za kodi. Mwaka huu Zadock alizipitia karatasi zao za mshahara, akavua miwani.

"Baba Natasha, HSA mmezidisha."

"Haiwezekani!" Akaunti hiyo ya akiba ya matibabu Duncan aliijua vizuri. Kiwango cha familia kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 8,550. Mwajiri wake aliweka 1,500, naye akajazia 7,050, basi.

"Yako iko sawa. Lakini mke na mume mnagawana limit moja, na pesa za mwajiri pia zinahesabiwa. Mama Natasha ana 2,400 kazini kwake. Mia sita ni za mwajiri."

Duncan akamgeukia mkewe. "Wewe una HSA?"

"Tangu mwaka jana."

Zadock akaharakisha kueleza: waitoe ziada kabla ya siku ya mwisho ya kodi, la sivyo watatozwa asilimia sita kila mwaka.

"Basi itoke kwake," Duncan alisema.

"Hakuna kitu," Philister alijibu. "Nilifanyiwa scan. Halafu biopsy, wakakata kinyama wakapime."

"Biopsy ya nini?"

Akagusa titi la kushoto, juu ya koti. Daktari alitaka kumpasua tangu Oktoba. Yeye aliahirisha, akingoja kuchanga kiasi ambacho bima humtaka mgonjwa alipe kwanza kabla haijaanza kulipa.

"Mbona hukuniambia? Kwangu kuna elfu thelathini na moja!"

"Ulisema hizo ni za uzeeni. Natasha alivunjika mkono, ukalipa kwa kadi ya mkopo ili usiziguse. Mtoto wako, Duncan. Sasa mimi ningeanzia wapi?"

Zadock alitoka nje polepole, akawafungia mlango.

Ile ziada Duncan aliitoa kwenye akaunti yake wiki hiyohiyo, na fomu zikapita. Mei wakaketi mbele ya daktari. Saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Upasuaji haungesaidia tena.

"Pesa zipo, daktari," Duncan alisema. "Zote. Chukueni zote."

Daktari alimwambia kwa upole kwamba shida si pesa.

Philister alikuwa akifunga vifungo vya blauzi, kimoja kikikataa kuingia. Duncan akainama amsaidie. Philister akauondoa mkono wa mumewe, akaendelea kufunga mwenyewe.