Siku ya Kwanza, kwa Mara ya Kumi na Tisa

Bibi Fundi alikuwa na miaka sabini na mbili na cherehani yenye miaka arobaini, na kati ya hao wawili, aliyeharibika kwanza ni yeye. Aliteleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, akaangukia mkono wa kulia, mfupa ukavunjika karibu na bega. Daktari wa mifupa hakumzungusha. Akipasuliwa kabla ya wiki mbili, atakata vitambaa tena. Akicheleweshwa, mfupa utajiunga unavyotaka wenyewe.

Hospitali ile haikuwa na mzaha na wazee. Ukutani, ndani ya fremu, kulikuwa na agizo kwamba mzee aliyevunjika mkono apasuliwe upesi, na waliozidisha siku kumi watangulie. Siku zilihesabiwa kwenye fomu. Tatizo ni kwamba kila upasuaji ulipoahirishwa, karani wa wodi alijaza fomu mpya, na fomu mpya ilianza na siku ya kwanza.

Basi Bibi Fundi akashinda njaa, kavishwa gauni la kijani ambalo mshono wake ulimuudhi kuliko bega. Saa nane akaambiwa mashine ya kuchemshia vifaa imegoma. Fomu mpya. Kesho yake mtaalamu wa nusukaputi alikuwa semina, na semina yenyewe ilihusu kuharakisha upasuaji. Fomu mpya. Kila jioni, kwa mkono wa kushoto na meno, alifunga fundo moja kwenye uzi uliochomoza katika kitambaa kilichobeba mkono wake.

Mafundo yalipofika kumi na tisa, alimwita karani ayahesabu. Karani, mtu mwenye adabu zake, akayahesabu mara mbili.

"Bibi, mimi nakuamini kabisa," alisema. "Lakini fomu inasema umeumia leo."

"Na mfupa wangu, mwanangu, umeisoma hiyo fomu?"

Karani akakuna kichwa, akamletea fomu ya malalamiko. Nayo ilianza na siku ya kwanza.

Alipasuliwa siku ya ishirini na tatu. Daktari alikuta mfupa umeshajiunga upande. Akafanya alichoweza, akatoka na hasira asijue amtolee nani.

Miezi mitatu baadaye, Bibi Fundi alipokwenda kliniki, alikuta wodi inapokea cheti: wazee wote wa mwaka ule walipasuliwa siku ya kwanza. Mpiga picha akawataka waliopona wainue mikono. Bibi Fundi akainua wake, ukakwama usawa wa kifua. Aliona aibu, kisha akachukia kwamba anayeona aibu ni yeye.

"Juu kidogo, bibi."

"Huko nilikuwa nafika," alisema, "kabla hamjaanza kunihesabia siku."

Mpiga picha akapiga magoti, akaielekeza kamera juu, na kwenye picha mkono ukaonekana umepanda.