Moja Hawauzi

Mwatima, mtoto wa dada yangu, alitua Guangzhou, China, kwa mashindano yake ya mwisho ya kupiga makasia, begi lake la nguo likapotelea njiani. Mwamuzi akamwambia kwamba bila sare ya nchi hashindani. Mtoto kaitumikia bendera tangu msichana mdogo, Tunisia kafika, Ureno kafika, leo aje azuiwe na fulana? Damu ilinichemka.

Nikamkokota mpaka soko la nguo la Shisanhang, ninakonunua madera ya kupeleka Dar. Njiani nilimuuliza atakumbuka nini akistaafu. Akasema mpiga makasia huenda kinyumenyume, uso kauelekeza alikotoka. Basi miaka yote ametazama watu ukingoni wakiwaita wenzake kwa majina, yeye hana wa kumwita. Alisema hivyo bila kulalamika. Mimi nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Fulana ya kijani kama ya sare yao, ya mikono mirefu, tuliipata. Lakini mwenye duka alitikisa kichwa.

"Dazeni, rafiki. Moja mei you, hakuna."

Nikabembeleza, nikanuna, nikajifanya naondoka. Hakuna ilibaki kuwa hakuna. Basi nikabeba dazeni nzima, na fundi wa jirani akazichapa zote bendera kifuani. Mwatima akaniuliza zile nyingine nitamuuzia nani. Nikamwambia hayamhusu.

Asubuhi nilipita maduka ya Zhanqian nikiwakusanya wafanyabiashara wenzangu. Gharib, na tumbo lake lile, fulana ilimwishia juu ya kitovu. Akaivaa hivyo hivyo juu ya kanzu. Tukajipanga kando ya mto, karibu na mwisho wa mbio.

Boti zikaja, Mwatima wa nne kati ya sita. Tulipiga vigelegele, tukaliita jina lake mpaka sauti zikakauka, lakini tulikuwa tunauita mgongo. Mpaka boti ilipotupita ndipo alipotuona: sote kijani kitupu, na Gharib katikati anarukaruka. Mwatima akaangua kicheko, kasia likanasa majini, aliyekuwa wa tano akampita hapo hapo.

Alipotoka majini nilianza kumwomba radhi. Nilijiona mjinga, nimemharibia siku yake. Akanikumbatia na jasho lake lote.

"Mama mdogo, mmenipotezea nafasi moja," alisema, huku analia na kucheka. "Lakini leo nimeitwa."